Mtoto Tuliyemwita Masika

Siku yenyewe ilianza na ugomvi wa jibini. Mama Sifa aliuza jibini za Masisi, zile za mviringo, kwenye meza ndogo mbele ya nyumba yake huko Majengo, mjini Goma, na asubuhi ile moja ilikuwa imekatwa kipande kikubwa ubavuni. Mumewe, aliyefundisha shule ya msingi na ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, alisema labda ni panya. Mama Sifa alimkagua ndevu, kisha akasema panya wa nyumba hii lazima amesoma sana, maana anakula kwa kisu.

Watoto walicheka. Sifa, binti yao mkubwa, alicheka mpaka akamwaga maji aliyokuwa anaosha nayo vikombe. Bahati, mdogo wake, alicheka kwa sababu dada yake amecheka. Ni mtoto wa tatu tu, yule ambaye hakuwa mtoto wao, aliyebaki ameinama juu ya sinia, akizipanga jibini upya kuziba nafasi ya ile iliyoharibika.

Nilikuwa nimeketi kando yake juu ya jiwe jeusi la volkano. Siku hizo nilifanya kazi katika nyumba ndogo ya kusikiliza watu, upande wa Himbi. Ofisini tuliitwa wasaidizi wa kisaikolojia. Mitaani walituita ba-psycho, na Mama Sifa, kwa kuwa alinizidi umri, aliniita mudogo wangu psycho. Watoto waliopotezana na wazazi wao njiani wakati wa kukimbia vita waliwekwa katika familia zilizokubali kuwapokea, nasi tulizitembelea familia hizo kila juma. Tulitazama kama mtoto anakula, analala, anacheza. Hatukuwa na dawa. Mara nyingi tulisaidia kuchambua maharage na kungoja.

Mtoto huyu tulimwita Masika. Mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo ndiye aliyemwokota barabarani, akitembea peke yake nyuma ya kundi la watu waliotoka Vitshumbi, kule kwenye ziwa la wavuvi. Gauni lake lilinuka moshi wa samaki. Yule mama alimpakia kwenye lori na kumfikisha kambini, kaskazini mwa mji. Pale walimuuliza jina lake nani. Akasema: Masika. Wakamuuliza mama yake nani. Akasema tena: Masika. Baada ya hapo hakusema neno lingine, si kwa Kiswahili wala kwa Kinande.

Kwa mtu wa Goma jina hilo lilitosha. Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa: msichana wa kwanza ni Masika, anayemfuata ni Kavira, na kuendelea hivyo mpaka tumbo lipumzike. Wavulana nao wana safu yao. Ukitajiwa jina, umejua kabila la mtu na nafasi yake nyumbani, hata kabla hajaketi. Kwa hiyo tulijiona tumepata habari nyingi kwa neno moja. Msichana, Mnande, mzaliwa wa kwanza wa kike, wa Vitshumbi, umri kama miaka sita. Hivyo ndivyo tulivyotangaza redioni. Hakuna aliyekuja.

Lilikuwapo jambo moja ambalo sote tuliliona na sote tukalieleza vibaya. Kila alipoitwa, aligeuka kuutazama mlango. Hakumtazama aliyemwita. Alitazama mlangoni, akasimama hivyo kidogo, halafu akarudia alichokuwa anafanya. Muuguzi mmoja alimpima masikio akayakuta mazima. Wenzangu ofisini walisema ni hofu ya watu wenye silaha waliowahi kuingia mlangoni kwao. Nami nilikubali, kwa sababu nilikuwa nimewaona watoto wengi wanaoogopa milango.

Mama Sifa hakutafuta maelezo. Alimpaka mafuta nywele. Alimbeba mgongoni ingawa miguu ya mtoto ilimning'inia karibu na magoti. Alimpashia maziwa kila asubuhi, kwa sababu kwao, kwenye vilima vya Masisi, mtoto aliyeshtuka hupewa maziwa ya moto kwanza, maneno baadaye. Alipoona jinsi anavyozipanga jibini, kwa ukubwa, sura ya kila moja ikimtazama mpita njia, alisema kwa majivuno, "Munande huyu, siku atafungua mudomo, atanifukuza ku meza yangu."

Sifa alijifanya mkalimani. "Masika anasema hana njaa."

"Amekuambia na mudomo gani?" mama yake akamuuliza.

"Na macho."

"Basi yaambie hayo macho yakule."

Na mtoto alikula. Kwa hilo hatukuwa na wasiwasi. Wasiwasi wangu ulikuwa mwingine. Mtoto wa miaka sita husahau upesi. Kwanza hupotea jina la mtaa, halafu sauti za watu, halafu sura. Nilikuwa nimewaona wengine ambao, baada ya msimu mmoja wa mvua, hawakuweza tena kusema kama nyumba yao ilikuwa ya bati au ya majani. Huyu akiendelea kunyamaza, ingefika siku ambayo hata ndugu yake akisimama mbele yake asingemtambua. Watu wake, kama walikuwa hai, wangempoteza mara ya pili, na safari hiyo moja kwa moja.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo asubuhi ile ya jibini, wakati mizinga ilipoanza upande wa Kibati.

Kwa siku kadhaa tulikuwa tumesikia milio ya mbali, nayo ilikuwa imekuwa kama ngurumo za kawaida. Safari hii bati la nyumba lilitetemeka. Mwalimu alitoka mpaka barabarani, akarudi akitembea polepole sana, kama mtu asiyetaka watoto wajue kwamba anataka kukimbia.

Alisema wanajeshi wa serikali wanarudi nyuma. Wanapita kwa miguu kuelekea Sake, na wengine wameanza kuvua magwanda.

Mama Sifa aliifunika meza kwa kitenge, kana kwamba ni mvua.

Hatukuweza kwenda popote. Barabara ilikuwa imejaa watu, na watu ndio waliokuwa wanapigwa. Mwalimu alituingiza katika jiko la nyuma, ambalo kuta zake alikuwa amezijenga mwenyewe kwa mawe ya volkano, nene kama za kanisa. Tulilala chini kwenye majivu.

Bomu la kwanza lilianguka mbali.

La pili lilianguka karibu na uwanja wa ndege.

La tatu sikulisikia. Niliona mlango ukiingia ndani, halafu vumbi, halafu sikuona kitu.

Kulikuwa na giza jeupe. Masikio yangu yalipiga filimbi. Katikati ya filimbi hiyo nilisikia sauti ya Mama Sifa, tulivu, ya mtu anayeita watoto waje kunawa.

"Sifa?"

"Niko."

"Bahati?"

Bahati alikohoa. "Niko, mama."

"Masika?"

Kimya.

"Masika?"

Nilimsikia Mama Sifa akianza kutambaa, akipapasa sakafuni. Mwalimu naye alianza kupapasa. Aliita mara ya tatu, na sasa sauti yake haikuwa tulivu tena.

Kutoka nyuma ya mtungi wa maji, mtoto akajibu. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyetoka usingizini.

"Masika haiko. Ni miye Kavira."

 Nje bunduki zililia, zikasogea, zikapita. Mama Sifa alikuwa amemfikia na kumlaza kifuani. Nilimsikia akirudia jina hilo kwa kunong'ona, akilijaribu mdomoni: Kavira, Kavira wangu, Kavira.

Waasi waliingia mjini mchana huo. Sisi tulitoka jikoni weupe kwa majivu. Nyumba ilikuwa imepoteza bati upande mmoja, na jirani wa tatu kutoka kwetu, mzee mmoja mshona viatu, alikuwa amekufa mlangoni pake, bado ameshika kiatu cha mtu. Mwalimu alikwenda kusaidia kumfunika. Siku zilizofuata mji ulikuwa kimya kwa namna isiyopendeza. Watu walisalimiana kwa sauti ya chini, na hakuna aliyejua amsalimie nani kwa lugha gani.

Ndani ya nyumba ile, hata hivyo, kulikuwa na mtoto anayesema. Hakusema mengi. Alisema baba yake alikuwa anashona nyavu. Alisema samaki mkubwa ana ndevu. Siku moja, wakati Mama Sifa anamsuka nywele, nilimsikia akimuuliza kwa upole mbona hakutuambia kwamba tunamkosea jina.

Kavira alishangaa swali lenyewe. "Nilikuwa naona unaniitia yeye," alisema. "Kila siku ulikuwa unamuita. Nikasema atasikia, atakuya."

Mama Sifa aliendelea kusuka. Alikuwa ameinamisha uso juu ya kichwa cha mtoto, na kwa muda mrefu hakuuinua. Muda wote ule tulikuwa tumeona mtoto anayeogopa mlango. Kumbe alikuwa mtoto anayengoja mtu aingie.

Lakini sasa tulikuwa na kitu cha kushika. Kama huyu ni Kavira, basi yupo aliyemtangulia, na huyo ndiye Kavira aliyekuwa anamwita pale kambini. Nilianza kumtafuta msichana mkubwa wa Vitshumbi anayeitwa Masika. Ofisi ilikuwa imefungwa, magari hayakutembea, kwa hiyo nilikwenda kwa miguu kwenye makambi ya upande wa magharibi, barabara ya Sake. Kazi ilikuwa ya kuchekesha na ya kuchosha. Ukisimama penye watu wa Lubero au Butembo ukaita Masika, wanageuka wanawake wa kila umri. Bibi mmoja aliyekuwa anamenya mihogo aliniambia yeye ni Masika tangu enzi za Wabelgiji na yuko tayari kuchukuliwa.

Nilimpata karibu na ziwa dogo la Lac Vert. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano hivi, anafua nguo za wengine, mikono imebabuka kwa sabuni. Nilimwambia ninatafuta Masika mwenye mdogo wa kike. Aliiacha nguo ikaelea ndani ya beseni.

"Kavira iko muzima?"

Nilisema ni mzima. Alikaa chini palepale, kwenye maji ya sabuni. Baadaye, tulipokuwa tunatembea kurudi mjini, aliniambia kwamba alikuwa amelisikia tangazo letu. Alikuwa amelisikia zaidi ya mara moja, kwenye redio ya kinyozi wa kambini.

"Nilisikia jina yangu," alisema. "Nikasema banatafuta mwingine. Masika tuko bengi."

Hakusema kwa lawama. Alieleza tu jinsi ilivyokuwa, kama mtu anavyoeleza kwa nini alichelewa. Njiani alinieleza pia yaliyobaki. Walikuwa wamekimbia watatu, mama na mabinti wawili. Baba alibaki nyuma kuokoa nyavu na hawakumwona tena. Mama alipigwa risasi kabla ya kufika Kibumba. Masika alimrudia mama yake, akamwambia mdogo wake atangulie na watu, asisimame, atamfuata. Mama alikata roho pale kando ya barabara. Masika alipoinuka, watu walikuwa wamekwisha kwenda.

Tulifika Majengo jua likiwa kali. Mama Sifa alikuwa ndani, na kwa mazoea ya miezi mingi alisahau, akaita kutoka jikoni, "Masika, niletee chumvi."

"Ndiyo, mama," akajibu msichana aliyesimama langoni.

Kavira alikuwa kwenye meza ya jibini. Hakupiga kelele. Alishuka kwenye kigoda, akaenda, akasimama mbele ya dada yake na kuichunguza mikono yake iliyobabuka, mmoja baada ya mwingine. Halafu akamuuliza kwa Kinande kitu ambacho Masika alinitafsiria baadaye. Alimuuliza mbona umechelewa.

Mama Sifa alikuja hadi mlangoni akawaona. Alirudi jikoni, na alipotoka tena alikuwa na vikombe viwili vya maziwa.

Wote wawili walikaa kwa Mama Sifa kwa majuma machache, kwa sababu barabara ya kaskazini ilikuwa haipitiki. Masika ndiye aliyekuwa mgumu. Kavira alikuwa amengoja. Masika alikuwa amezika kwa mikono, peke yake, bila jembe, na hakuna aliyempa pole. Usiku alikuwa anaamka na kutafuta kiatu, kama mtu anayetaka kukimbia. Sikuwa na la kumfundisha. Mama Sifa ndiye aliyesema kwamba mama wa watoto hawa hajaliliwa, na kwamba katika nyumba yake jambo hilo halitakaa hivyo.

Aliandaa matanga. Yalikuwa ya mtu asiyemfahamu, wa kabila lingine, asiye na mwili wala picha. Aliandaa hata hivyo. Mwalimu alikopa viti kanisani. Majirani walikuja na kuni, chai na maharage, katika mji ambao kila mtu alikuwa na wafu wake wa kulilia. Mama Sifa aliketi chini kwenye mkeka, mahali pa ndugu wa damu, akawaketisha Masika upande mmoja na Kavira upande wa pili. Mwalimu alipofika mahali pa kutaja jina la marehemu alisita, kwa kuwa hakulijua. Masika alilitaja. Alilitaja lote, la Kinande na la ubatizo, halafu akalia, mara ya kwanza tangu Kibumba, akiwa ameegemea bega la mwanamke aliyekuwa na siku chache tu tangu amjue.

Barabara ilipofunguka, mjomba wao wa Butembo alituma habari kwa simu. Alisema watoto wa dada yake wana nyumba. Mama Sifa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanivuta pembeni, nyuma ya jiko lilelile.

"Mudogo wangu, uniachie hata moja."

Nilimwambia anajua jibu. Alijua. Alisema alitaka tu kulisema kwa mdomo, lisije likamkaa tumboni. Ndipo akaniuliza kama huko Butembo kuna maziwa mazuri, nami nikamwambia ndiyo, ingawa sikuwahi kufika.

Waliondoka kwenye kabini ya lori la mafuta ya mawese, na yule mama mfanyabiashara aliyemwokota Kavira mwanzoni. Mama Sifa aliwafungia jibini mbili kwenye kitenge. Alimpa Masika maagizo mengi juu ya nywele za mdogo wake, na Masika aliyapokea yote kwa heshima, ingawa alikuwa amezisuka nywele hizo tangu zilipoota. Sifa alilia. Bahati aliuliza kama sasa anaweza kurudishiwa mto wake. Lori lilipoondoka, Mwalimu alibaki amesimama kwenye vumbi, miwani mkononi, akiifuta kwa muda mrefu.

Sasa ni miaka mingi. Vita vimerudi Goma zaidi ya mara moja, na watu wamezipita tena barabara zilezile, na vitanda na mbuzi wao. Masika ana duka la vitambaa. Kavira ni mwalimu. Wote wawili hupiga simu Krismasi na kumwita Mama Sifa mama, bila kuongeza neno. Baba yao hakuonekana. Kaburi la mama yao, pale kando ya lami, hakuna anayeweza kulionyesha, kwa sababu barabara ilipanuliwa.

Watu wanaponiuliza kama kazi yetu ilifaa kitu, nafikiri kwanza juu ya asubuhi moja, kama mwezi mmoja baada ya lori lile kuondoka. Nilikuwa nafungua ofisi ya Himbi. Kwenye benchi la nje, pale wanapoketi akina mama wanaotuletea watoto, nilimkuta Mama Sifa, amevaa kitenge cha kanisani. Nilidhani amekuja kuomba mtoto mwingine wa kupokea. Nikaanza kumwambia kwamba wapo, wapo wengi, na kwamba nyumba kama yake hatuwezi kuikosa.

Alinisimamisha kwa mkono.

"Leo sikukuya juu ya mutoto," alisema. "Leo ni juu yangu."

Nilimpa kiti, nikafunga mlango. Alianza na ng'ombe wa baba yake, kule Masisi, alipokuwa binti mdogo. Aliwataja kwa majina, na rangi zao, na yupi alikubali kukamwa na mtoto. Alichukua muda wake, nami sikumharakisha. Ilikuwa karibu na adhuhuri alipofika kwenye siku yeye na watu wa kwao walipokimbia.